Mpishi mlimtaja, mwenye kamera mkamsahau

Bwana Mhariri,

Makala yenu ya ukurasa wa sanaa, ile iliyosifu filamu fupi ya vijana wetu wa Goma, nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilisoma kwa furaha. Mara ya pili nikachukua kalamu, nikaanza kuhesabu majina. Mwongozaji yumo, tena na picha yake amevaa miwani. Waigizaji wawili wamo. Aliyepiga gitaa yumo. Mama aliyewapikia sombe na wali kwa siku sita za kazi yumo, na kwa hilo nawashukuru, maana njaa huharibu filamu kuliko mvua. Mara ya tatu nikasoma kwa kidole, mstari kwa mstari kama mtoto wa darasa la pili, nikimtafuta aliyeshika kamera. Hayumo. Kuna sentensi moja tu: «Picha ni safi.»

Picha ni safi! Kama sahani. Kama vile mtu alipita na kitambaa akaifuta.

Mimi ni mtu wa kazi hiyo. Hapa Katindo wananiita Papa Kamera, na mke wangu amekwisha kuzoea kuitwa Mama Kamera ingawa hajabonyeza kitu tangu azaliwe. Nilianza mwishoni mwa miaka ya 1990 na Panasonic M9000, ile ya kuweka begani, inayomeza kaseti nzima ya VHS. Ikifika saa kumi jioni bega si lako tena. Harusi, vilio, ubatizo, kusimikwa kwa wachungaji, fainali za mpira wa mtaa, vyote nimevipiga. Filamu zenyewe, za hadithi, nimepiga chache, na moja ilikuwa ya wageni waliotoka mbali. Niliwashikia kamera ya pili siku kumi na moja. Ilipotoka nilikaa mbele ya televisheni na watoto wangu wote, tukingoja majina ya mwisho yapande. Nimo kweli. Nimeandikwa dereva. Bwana Mhariri, mimi sijui kuendesha gari; hata chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo, ilinishinda nikiwa mtoto.

Kwa hiyo msinione nawasumbua kwa jambo dogo. Nadhani mliandika «picha ni safi» kwa kutojua, si kwa ubaya, na asiyejua huelezwa.

Mwaka wangu wa pili wa kazi nilipeleka kaseti kwa familia moja ya Mabanga. Tulikaa sebuleni, jenereta inaunguruma nje, mashangazi wameketi kwenye mikeka. Kanisa likaonekana, maua yakaonekana, kanzu ya bibi arusi ikaonekana, nyeupe kama povu la sabuni. Mama wa bibi arusi akasogea karibu na kioo, akainama, akaniuliza:

«Papa, mtoto wangu iko wapi?»

Nikamwonyesha kwa kidole.

«Ile ni kanzu. Mimi naulizia mtoto.»

Alikuwa na haki. Juu ya kanzu palikuwa na kivuli chenye meno.

Kosa lilikuwa langu. Kamera ukiiacha ijifanyie, inapiga hesabu ya mwanga wote ulio mbele yake na kutafuta wastani. Ikiona kitambaa cheupe kimejaa kote, inadhani mwanga umezidi, inafumba jicho. Kitambaa kinapona, uso mweusi unazama. Na sisi wa Goma tumeongezewa adhabu nyingine: tunatembea juu ya mawe ya volkano. Kule Bukavu udongo ni mwekundu, unarudisha mwanga kidogo chini ya kidevu, hata mtu aliyekesha anaonekana amelala vizuri. Hapa ardhi ni nyeusi. Mwanga ukishuka haurudi. Saa sita mchana, mtu akisimama nje pale Birere, macho yake yanakuwa mashimo mawili.

Aibu ile ilinifundisha. Nikaizima otomatiki, nikaanza kufungua jicho la kamera kwa mkono, nikipima uso na kuiacha kanzu ijitetee yenyewe. Nikanunua shuka mbili nyeupe kwenye soko la Virunga. Nazitandika chini mbele ya maharusi, nje ya picha, mwanga upate pa kugonga uwarudie usoni. Watu walidhani ni zulia la heshima, na mara mbili wazee wamezikanyaga na viatu vya matope. Nikaanza kutembea na kopo dogo la vaselini, kidogo kwenye shavu na kidogo kwenye paji la uso, kwa sababu ngozi nyeusi haitaki kupigwa taa kali kama mwizi aliyekamatwa. Inataka kitu cha kung'aza kando yake, isharabu taratibu. Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua kwamba hata wenye maabara za picha za rangi walikuwa wametusahau: kipimo chao cha rangi ya ngozi, kwa miaka na miaka, kilikuwa kadi yenye picha ya mwanamke mzungu. Akitoka vizuri yeye, kazi imekwisha. Sisi tulitoka tulivyotoka.

Mtu aliyenionyesha kwamba shuka zangu si ushamba ni Mswidi mmoja ambaye sikuwahi kumwona. Mwaka 2009 alikuja mkufunzi kutufundisha hapa Goma kwa wiki mbili, na usiku alituonyesha filamu kwenye ukuta uliopakwa chokaa. Wengine wote wakauliza ni filamu ya nani, naye akataja mwongozaji. Mimi nikauliza aliyepiga ni nani. Akatabasamu, akasema Sven Nykvist, halafu akaongeza kwamba wazazi wake walikuwa wamisionari huku kwetu Kongo. Hapo hata waliokuwa wanasinzia waliinua vichwa.

Alizaliwa tarehe 3 Desemba 1922 huko Moheda, Uswidi. Wazazi walikuwa huku, enzi za Wabelgiji, wakihubiri. Mtoto akabaki kule, akilelewa na ndugu. Sisi wa Kivu tunawajua wamisionari wa Uswidi, makanisa waliyoyaanzisha tunaimba ndani yake mpaka leo, ila sijasikia mtu aliyeuliza watoto wao waliachiwa nani. Kwao sinema ilikuwa dhambi. Hilo nalo tunalijua. Baba yake lakini alipenda sana kupiga picha, na mimi huwa nafikiri: mtoto anayemwona baba kwenye karatasi mara nyingi kuliko mezani, atakosaje kuipenda karatasi?

Mwaka 1941 kijana akaingia kampuni ya sinema ya Sandrews kama msaidizi wa kamera, na 1945 akakabidhiwa filamu yake ya kwanza. Alikuja Kongo yeye mwenyewe na kamera, akapiga filamu za maisha halisi. Mwaka 1953 akafanya kazi na mwongozaji Ingmar Bergman, Mswidi mwenzake, kwa mara ya kwanza, na kuanzia 1960 hao wawili wakawa chanda na pete.

Kuna filamu yao ya mwaka 1963, ya mchungaji aliyepoteza imani. Hadithi yote inachukua saa chache za Jumapili moja ya baridi. Kabla ya kupiga chochote walikwenda kukaa kanisani, kuanzia saa tano asubuhi mpaka saa nane mchana, wakitazama mwanga wa madirishani unavyohama, na Nykvist akipiga picha kila baada ya muda kidogo. Walichokiona ni kwamba siku ya mawingu mazito hakuna kivuli kinachoanguka popote. Basi akaazimia filamu iende bila vivuli vya taa. Jaribuni nyumbani muone ugumu wake, maana taa yoyote ukiiwasha inazaa kivuli. Ilimbidi ausindikize mwanga kwa kuuzungusha, aupige kwanza kwenye kitu cheupe, ufike usoni mwa mtu umekwisha kuchoka. Shuka zangu za Virunga, Bwana Mhariri! Nilitaka kusimama nipige makofi, ila nilikuwa nimekalia benchi moja na watu watatu, ningewaangusha.

Saa tatu za kutazama tu. Mteja gani wa Goma atazilipia? Bibi arusi anafika amechelewa, umeme umekatika, kwaya inataka kupigwa yote pamoja na mpiga ngoma, na baba mkwe anakuuliza kama dola alizotoa zinahesabu na picha za mgongo.

Nykvist alipata Oscar mbili kwa kazi zake na Bergman, moja mwaka 1974 na nyingine 1984. Wamarekani nao wakamwita, akawapigia hata za kuchekesha na za mapenzi. Hizo zinanipita. Mimi naipenda ya nyumba iliyoungua.

Ilikuwa mwaka 1985, kisiwani Gotland, mwongozaji ni Mrusi, Andrei Tarkovsky. Karibu na mwisho wa filamu nyumba ya mbao inateketea yote, bila picha kukatwa, huku kamera ikitembea kwenye reli. Nyumba ilijengwa ili ichomwe. Wakaiwasha, na kamera ikakwama. Moto haungoji fundi. Nyumba ikaisha, na picha hawana. Ikabidi ijengwe upya, ichomwe tena, safari hiyo kwa kamera mbili. Ukiitazama leo unaona watu wanakimbia kwenye maji ya matope na moshi unapanda, hujui kwamba ile ni nyumba ya pili.

Wenzangu walishangaa tu. Mimi nilitoka jasho, kwa sababu nyumba ile iliwahi kuniungulia.

Ajali yenyewe kila mtu wa kazi yetu anaijua, hata kama hakuna anayeikiri mbele ya wateja. Unabonyeza kuanza, kumbe kamera ilikuwa imekwisha kuanza, kwa hiyo umeisimamisha. Tangu hapo mambo yanakwenda kinyume. Ukidhani unarekodi, imelala. Ukiishusha upumzike, inaamka. Nilifika nyumbani usiku, nikakuta dakika arobaini za viatu vyangu, mawe ya uwanja, kona ya benchi, na soli ya shemasi yenye tundu. Kuingia kanisani hakupo. Pete hazipo. Nilikaa gizani nikisikia sauti ya mchungaji inauliza «Je, unamkubali?», na kwenye kioo kuna mende.

Kesho yake nilikwenda kuwaambia ukweli. Bibi arusi alilia. Bwana arusi alinyamaza muda mrefu, kisha akasema: «Papa, pete bado ziko kwenye vidole. Tuzitoe, tuzivae tena.»

Kanzu ilikuwa ya kukodi na ilikwisha kurudishwa. Nikaikodi siku moja zaidi kwa dola 30 kutoka mfukoni mwangu. Ilirudi na doa la Fanta kiunoni ambalo Jumamosi halikuwapo. Mchungaji alikataa katakata kuigiza ndoa, akasema madhabahu si jukwaa, na hata leo sijui kama alikosea. Jumanne saa tisa alasiri tulikuwa wanne kanisani: wao wawili, mimi, na mlinzi mwenye funguo, ambaye nilimvalisha koti langu jeusi ili mikono yake ionekane ya mtumishi wa Mungu. Viti vilikuwa vitupu, kwa hiyo nilisogea karibu kabisa, kioo kikajaa vidole. Dirisha la upande wa ziwa lilikuwa linaleta mwanga wa mawingu, laini, bila flashi ya simu hata moja, bila shangazi anayekatiza mbele kwenda kumfuta mtu jasho. Pete ikakwama kwenye kifundo. Bibi arusi akauleta mkono mdomoni, akailowesha kwa mate, akacheka kidogo kwa pua, akaisukuma. Mshipa mmoja wa mkono wa mwanamume ukacheza.

Hiyo ndiyo picha bora niliyowahi kupiga, na ni ya uongo. Mama zao wawili waliipenda kuliko zote. Hakuna aliyeuliza shemasi alikuwa wapi.

Sasa nirudi kwa vijana wetu. Msomaji wenu mmoja aliandika mwezi uliopita kwamba siku hizi simu inapiga yenyewe, hakuna tena haja ya fundi wa picha. Simu ninayo, ni nzuri, wala siichukii. Lakini simu haijui bibi arusi ni nani kati ya watu wote waliosimama pale. Ina uhodari wa M9000 yangu mara mia, na ujinga uleule: inatafuta wastani.

Mlisifu tukio la msichana anayesoma usiku peke yake, mkaandika kwamba linagusa moyo. Mnajua kwa nini linagusa? Mimi nilikuwapo, nimekaa kwenye kindoo nyuma ya mlango, kwa sababu kijana aliyelipiga alijifunza kazi kwangu na aliniomba nije nisiseme kitu. Taa ya chumba kile haikuwapo. Alichukua simu, akawasha tochi, akaisimamisha nyuma ya chupa ya maji, mwanga ukapoteza ukali. Hata hivyo uso wa msichana ulikuwa bado umezama. Daftari lake lilikuwa la shule kweli, limejaa wino wa bluu kila ukurasa. Kijana akalitazama, akachana karatasi tupu kutoka daftari jingine, akaiweka juu ya ukurasa ule. Basi. Weupe wa karatasi ukapanda mashavuni. Alipoinama kusoma uso unawaka, alipoinua kichwa kufikiria maisha yake uso unazima. Mwigizaji hakuambiwa lolote. Mnaosema anaigiza vizuri mnasema kweli, ila nusu ya uigizaji ule ni karatasi ya franga chache.

Na wekundu ule wa dirishani mlioufananisha na damu si rangi ya kompyuta. Ni Nyiragongo, volkano yetu. Mlima ulikuwa unawaka siku zile, lakini bila mawingu juu yake wekundu haushuki mjini. Alingoja usiku tatu. Usiku wa kwanza mbingu zilikuwa wazi. Wa pili ulinyesha, na mwongozaji, yule mwenye miwani, akawa anatembea chumbani akisema muda ni fedha na tupige hivyohivyo. Kijana akamwita kaka kwa lugha yetu: «Yaya, ningoje kesho tu.» Sikumfundisha mimi neno hilo. Nilimfundisha waya na betri.

Wanaomfanyia hivyo mtu wa kamera si ninyi peke yenu. Matangazo yanayobandikwa ukutani hufanya vilevile, hata marafiki zangu wakitazama filamu wanasema «ya fulani» wakimtaja anayeonekana. Lakini ninyi mnaandika, na kilichoandikwa kinabaki. Nykvist alipatwa mwaka 1998 na maradhi yanayomnyang'anya mtu maneno, akaacha kazi, akafa tarehe 20 Septemba 2006. Mimi nimelijua jina lake miaka mitatu baada ya kifo chake, kwenye ukuta wa chokaa hapa Goma, kwa sababu tu kuna mahali liliandikwa na mkufunzi alilisoma.

Ninaomba jambo moja. Mkiandika habari ya filamu yoyote, ya hapa au ya Bukavu au ya kwingine, pale mnapomtaja mwongozaji mtajeni na mkurugenzi wa picha, yaani mwenye kamera. Ni mstari mmoja. Kama nafasi haitoshi, punguzeni sifa. Neno «safi» likitoka, jina linaingia. Na kama mnadhani picha ni mbaya, andikeni pia kwamba ni mbaya, na jina mbele yake. Kulaumiwa kwa jina ni afadhali kuliko kuandikwa dereva.

Langu mimi msihangaike nalo, liko nyuma ya bahasha, na lisitoke gazetini kwa sababu wapo mama wawili ambao bado wanadhani picha ile ya pete ilipigwa Jumamosi. La kijana nimeliandika kwenye karatasi ya pili, kwa herufi kubwa na wino mweusi. Karatasi hiyo ni ile aliyoitandika juu ya daftari la msichana. Aliniachia siku ile, nami nilikuwa nimeihifadhi. Mkiisha kunakili, naomba mnirudishie.

Papa Kamera,
Katindo, Goma